Kwa Nini Watu Husongamana Mijini, na Mtoto Hupata Nini Huko

(Muziki wa kipindi. Unapungua polepole.)

 Mama, nawe unayelea mtoto wa mwenzio, nyanya, shangazi, dada mkubwa, yaya: hiki ni kipindi chetu cha afya ya mama na mtoto.  Kama unachambua mboga, endelea tu kuchambua, sisi tunahitaji masikio yako, si mikono.

Leo tuna mada ambayo pengine utasema si ya hospitali. Tunauliza: kwa nini watu hujazana mijini, ilhali mashambani kuna hewa safi, kuna majirani wanaokujua, na hakuna kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi? Subiri kidogo, mama. Jambo hili ni la afya kabisa. Kila wiki kuna mama anayefunga mizigo kumfuata mume Nairobi, Mombasa, Nakuru au Eldoret. Kuna mwingine anayemwacha mtoto kwa nyanya ili akatafute kazi. Uamuzi huo hufanywa kwa kupiga hesabu ya nauli, kodi ya nyumba na mshahara, na mara nyingi afya ya mtoto haiingii katika hesabu hiyo. Tukielewa kinachowavuta watu mjini, tutaelewa pia ni kitu gani mtoto anakipata huko na ni kitu gani hakipati.

Tuanze na idadi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kati yao, milioni 4.4 walikuwa Nairobi, katika eneo la kilomita za mraba karibu 700 tu. Hiyo ni kusema kila kilomita moja ya mraba ya Nairobi ina watu zaidi ya 6,000. Kaunti ya Marsabit, katika sensa hiyo hiyo, ilikuwa na watu 6 kwa kilomita ya mraba. Elfu sita, na sita! Na sensa ya mwaka 1969, iliyokuwa ya kwanza baada ya uhuru, ilikuta Nairobi ina watu nusu milioni hivi. Katika miaka 50 mji umekua zaidi ya mara nane.

Hata hivyo usije ukadhani kwamba kila mtu amehama. Katika kila Wakenya 10, karibu 7 bado wanaishi mashambani. Ulimwengu kwa jumla ulivuka nusu mnamo mwaka 2007, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, maana yake watu wa mijini waliwapita wa mashambani kwa mara ya kwanza tangu binadamu aanze kulima. Sisi bado hatujafika hapo, lakini tunaelekea huko.

Sasa, ukiwauliza wazee kwa nini vijana wanahama, wengi watakujibu kwamba vijana hawapendi jembe. Jibu hilo ni rahisi mno. Jembe linataka shamba. Karibu sehemu nne kati ya tano za ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na huko mvua haitoshi kulima mahindi ya kutegemewa. Kwa hiyo wakulima wengi wamebanana katika ile sehemu moja iliyobaki. Itazame Vihiga: watu zaidi ya 1,000 kwa kilomita ya mraba, na sehemu kubwa ya kaunti hiyo ni mashamba, si mji. Tuseme babu alikuwa na ekari sita, akawagawia wana wanne. Kila mmoja alipata ekari moja na nusu. Nao wakawagawia wana wao watatu watatu. Mjukuu amepata nusu ekari, na hapo kuna nyumba, choo, kaburi la babu na migomba michache. Huyo mjukuu hata akilipenda jembe namna gani, shamba hilo halitamlisha yeye, mke na watoto mwaka mzima. Na binti za babu mara nyingi hawakugawiwa kitu, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inawapa haki sawa.

Kwa hiyo kuna kinachosukuma kutoka nyumbani. Lakini kwa nini anayesukumwa aende mjini, na hasa Nairobi? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipofika mwaka 1899 mahali ambapo Wamasai walipaita pa maji baridi, wajenzi walipiga kambi na kuweka karakana, kwa maana mbele yao kulikuwa na mlima na kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Mahali hapo palikuwa kinamasi. Hakuna aliyepachagua kwa kuwa panafaa watu wengi kuishi, palichaguliwa kwa sababu ya treni. Penye karakana pakaja maghala, penye maghala pakaja maduka, na mwaka 1905 serikali ya kikoloni ikahamishia makao yake hapo kutoka Mombasa. Maradhi nayo hayakukawia. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka katika maduka yaliyokuwa yamesongamana, na wakuu wa afya wakayachoma moto.

Kisha ikaja kodi ya nyumba za Waafrika, nayo hatimaye ilitakiwa ilipwe kwa fedha.  Fedha zilipatikana kwenye mashamba ya walowezi na mijini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika pia kuvaa kipande shingoni ili ajulikane ameajiriwa na nani. Sikiliza vizuri, mama, kwa sababu hapa ndipo mambo yako yanapoingia. Mji huo ulitaka mikono ya mwanamume, haukutaka familia yake. Mshahara wake ulikuwa wa kumlisha mtu mmoja, na malazi yake yalikuwa kitanda katika chumba cha watu wengi. Mke alibaki nyumbani akilima, akizaa na kulea, na mume alipougua au kuzeeka alirudishwa kwake. Kwa maneno mengine, shamba la mke ndilo lililolipa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa. Nyanya zetu walibeba gharama hiyo, na hakuna aliyewashukuru.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, vizuizi vikaondoka, na kina mama na watoto wakaanza kuwafuata kina baba. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana hadi leo familia ya watu watano au sita hukaa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, wakipika, wakilala na kuogeshea mtoto papo hapo.

Sasa tuje kwenye sababu kubwa kuliko zote: kazi huvuta kazi. Chukua mfano wa fundi wa cherehani. Kijijini kwenye nyumba 200 atashona sare za shule mwezi wa Januari, na nguo chache wakati wa Krismasi. Miezi mingine cherehani inafunikwa kitambaa. Fundi huyo huyo akiwa karibu na soko la Gikomba, wanapita mbele yake maelfu ya watu kwa siku. Vifungo vinauzwa hatua kumi kutoka alipo. Cherehani ikiharibika, mtu wa kuitengeneza yuko mtaa wa pili. Akipata kazi ya sare 100 kwa mara moja, anamwita jirani wasaidiane. Mafundi wakiwa wengi, anatokea mama wa kuwauzia chakula cha mchana. Mama huyo ananunua mboga kwa mwingine, na huyo mwingine anampa kijana wa mkokoteni kazi ya kubeba magunia. Hakuna aliyewapangia. Kila mmoja amemfuata mwenzake kwa sababu mwenzake ndiye mteja wake.

Viwanda hufanya vivyo hivyo, na ofisi, na vyuo, na hata hospitali. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Leo mtoto mwenye ugonjwa mgumu hutumwa huko kutoka pembe zote za nchi, kwa sababu madaktari bingwa wako karibu na madaktari bingwa wenzao, na mashine kubwa huwekwa palipo na wagonjwa wengi wa kuitumia. Tangu mwaka 2013 tumekuwa na serikali za kaunti 47, na moja ya shabaha zake ilikuwa kusambaza huduma ili si kila mtu apande basi la kwenda Nairobi. Imesaidia. Miji ya makao makuu ya kaunti imekua. Lakini tazama vizuri: hata huko, watu wanasongamana mjini, karibu na ofisi za kaunti.

Utaniuliza: kama kazi hazitoshi, na mitaa imejaa wanaotafuta, mbona watu wanazidi kuja? Swali hili liliwahi kujibiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kupunguza ukosefu wa kazi. Waajiri wa kampuni waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza ya mshahara. Kazi zikaongezeka kidogo kwa muda, lakini habari ilipofika mashambani kwamba mjini kuna kazi, watu zaidi wakaja kuzitafuta. Wasio na kazi hawakupungua.

Wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walieleza jambo hilo mwaka 1970, na Todaro alikuwa amefanya utafiti wake Nairobi. Hesabu yao tunaweza kuifanya jikoni. Tuseme kibarua cha shamba kinalipa shilingi 100 kwa siku, na kazi ya mjini inalipa 300. Na tuseme mjini mtu hupata kazi siku moja katika kila siku mbili. Mia tatu kwa siku mbili ni 150 kwa siku. Bado ni zaidi ya 100. Kwa hiyo kijana anayekwenda mjini akijua atakaa siku nyingi bila kazi si mjinga wala si mvivu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Shida ni kwamba hesabu hiyo ni ya mtu mzima anayeweza kulala njaa siku moja akala kesho. Mtoto wa miezi minne hawezi kungoja kesho.

Kuna sababu moja zaidi ambayo watu huisahau. Wanaohamia mjini wengi wao ni vijana, na vijana ndio wenye umri wa kuzaa. Kwa hiyo mji hujaa kwa milango miwili: mlango wa matatu na mlango wa wodi ya kujifungulia. Leo watu wengi sana wa Nairobi hawakuhamia Nairobi. Walizaliwa hapo hapo.

(Muziki mfupi.)

Umerudi, mama? Haya, sasa tumtazame mtoto.

Kwa miaka mingi takwimu zilionyesha kwamba mtoto wa mjini ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko wa mashambani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mashambani, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 113 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Nairobi walikuwa 62. Ukitazama takwimu hizo peke yake utasema, basi na tuhame wote. Lakini mwaka 2000 watafiti wa kituo kinachoitwa African Population and Health Research Center waliingia ndani ya mitaa ya mabanda ya Nairobi wakahesabu huko peke yake. Walikuta watoto 151 kwa kila 1,000. Katika jiji lilelile! Mtoto wa mabandani alikuwa na hatari kubwa kuliko mtoto wa kijijini, ingawa hospitali kubwa ilikuwa safari fupi tu kutoka nyumbani kwao.

Hali imekuwa bora tangu siku hizo. Uchunguzi kama huo uliporudiwa mwaka 2012, vifo katika mitaa hiyo vilikuwa vimepungua sana, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 41 kwa kila 1,000 nchini kote. Tushukuru. Chanjo, vyandarua na kujifungulia hospitalini vimefanya kazi yake. Lakini tusisahau kile kilichoonekana mwaka 2000. Wastani wa jiji ni mchanganyiko wa nyumba yenye bomba jikoni na nyumba inayonunua maji kwa mtungi. Mama anayehama hahamii katika wastani. Anahamia katika nyumba fulani, mtaa fulani, na hiyo ndiyo itakayoamua.

Tazama maji. Ripoti ya shirika la UNDP ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mabanda ya Nairobi walilipa bei mara tano hadi kumi zaidi kwa lita moja ya maji kuliko wakazi wa mitaa ya matajiri wa jiji hilo hilo. Kijijini ulikuwa unachota mtoni bila kulipa, ingawa ni mbali na yalihitaji kuchemshwa. Mjini kila mtungi ni pesa. Na maji yakiwa pesa, cha kwanza kupunguzwa ni kunawa mikono. Choo nacho ni cha nyumba kumi au ishirini, tena usiku si salama kwenda. Ndipo kuhara kunapoingia.

Tazama msongamano wenyewe. Surua haiwezi kukaa mahali penye watu wachache, kwa sababu ikimaliza watoto wasiochanjwa wa kijiji kimoja inakosa pa kwenda. Mjini haikosi. Mtoto mmoja akikohoa katika ploti ya vyumba ishirini, wote wanashiriki. Na katika chumba kimoja chenye stovu ya mafuta ya taa au jiko la makaa, moshi na mvuke wake huenda moja kwa moja kwenye mapafu ya mtoto aliyelala kitandani hatua mbili kutoka jikoni. Nimonia hupenda vyumba vya namna hiyo. Fungua dirisha na mlango wakati wa kupika, na jiko la makaa usilale nalo ndani hata kama kuna baridi, kwa sababu hewa yake huua usiku bila kelele.

Lakini jambo ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko yote ni maziwa ya mama. Katika utafiti uliofanywa katika mitaa ya Korogocho na Viwandani kati ya mwaka 2006 na 2010, ni watoto wapatao wawili tu katika kila 100 walionyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita kamili. Wawili! Na katika mitaa hiyo, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Usiwalaumu mama zao haraka. Kumbuka ile hesabu ya mjini. Mama wa kufua nguo hulipwa siku aliyofua. Siku asiyotoka, hakuna unga. Kwa hiyo mwezi wa pili au hata wa kwanza mtoto anaachwa kwa jirani au kwa mama anayelea watoto wengi wa mtaa, na huko anapewa uji mwepesi, maji ya glukosi, au maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ni sheria nzuri. Kama umeajiriwa, idai haki yako. Lakini kibarua wa siku kwa siku mara nyingi haimfikii, na hao ndio wengi.

Basi ufanyeje?

Kama bado uko nyumbani na unafikiria kuhama, ikiwezekana usihame katika miezi sita ya kwanza ya mtoto, hasa kama unakwenda kutafuta kazi ambayo bado hujaipata. Najua si kila mama ana nafasi ya kuchagua. Lakini kama mume anaweza kutangulia akapata chumba, na wewe ukangoja hadi mtoto afikishe miezi sita na aanze kula chakula, umemvusha sehemu hatari zaidi. Pesa siku hizi hutumwa kwa simu. Maziwa ya mama hayatumwi kwa simu.

Ukihama, kitu cha kwanza kuingia ndani ya mkoba, kabla ya sufuria, ni kitabu cha kliniki. Ndicho kinachomwambia muuguzi wa huko uendako kwamba mtoto alipata chanjo ya kuzaliwa, ya wiki 6, ya wiki 10 na ya wiki 14, na kwamba anangojea ya surua ya miezi 9 na nyingine ya miezi 18. Watoto wengi hupotelea njiani hapo. Wametoka kliniki ya kijijini, hawajaandikishwa ya mjini, na mwaka unapita. Wiki ile ile unayofika, kabla hujajua hata bei ya sukuma wiki, uliza majirani kituo cha afya cha serikali kiko wapi, umpeleke mtoto akapimwe uzani na aandikishwe. Chanjo hizi ni bure katika vituo vya serikali. Kama miezi imepita bila chanjo, usiogope kugombezwa. Haianzwi upya, huendelezwa kutoka ilipoachwa. Na kama kitabu kimepotea, nenda hivyo hivyo ueleze ukweli. Muuguzi atatazama hata kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto. Kama umetoka kaunti za Nyanza au Magharibi ambako watoto hupewa chanjo ya malaria, mwambie pia, kwa sababu chanjo hiyo haitolewi kila kaunti.

Ukianza kazi na mtoto bado ananyonya, jifunze kukamua. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia kwenye kikombe safi chenye kifuniko, kiwekwe mahali penye ubaridi, na umwonyeshe anayebaki na mtoto jinsi ya kumnywesha kwa kikombe au kijiko. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafishwa katika nyumba yenye maji ya kununua. Muulize muuguzi maziwa hayo yanaweza kukaa muda gani katika chumba chako, maana joto la Mombasa si la Limuru. Nyonyesha asubuhi kabla hujatoka, nyonyesha ukirudi, na usiku kucha kadiri atakavyo. Ukimpeleka kwa mlezi wa mtaa, ingia ndani uone kwa macho yako: watoto wangapi, maji yako wapi, choo kiko wapi, mlezi ni mmoja au wawili. Ukiona amekuzuia mlangoni, tafuta mwingine.

Maji ya kunywa chemsha, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, umnyonyeshe zaidi, na umpeleke kliniki apate pia tembe za zinki. Zinki humezwa mpaka ziishe hata kama kuhara kumekoma.

Na wewe nyanya uliyeachiwa mtoto kijijini. Kama ni chini ya miezi sita na mama yake ameondoka, usimwanzishie uji kwa huruma. Mpeleke kliniki uulize cha kumpa badala ya maziwa ya mama na namna ya kukiandaa. Kama amepita miezi sita, una vitu ambavyo mama yake mjini anavinunua kwa shida: yai, ndizi, maharagwe, mboga za kienyeji, maziwa. Mpe. Yai moja lililouzwa sokoni ili kununua biskuti ni hasara, shosho. Na chanjo zake ni wajibu wako sasa, kwa hiyo kitabu kibaki kwako, kisiende na mama yake.

Nimalize na safari ya kurudi. Watu wa mjini hawajahama moja kwa moja, na Desemba mabasi hujaa kuelekea nyumbani. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi, ambako malaria ni kidogo, mwili wake haujazoea ugonjwa huo kama wa binamu zake wa Siaya, Busia, Homa Bay au pwani. Mbu yule yule anayempa binamu homa ya siku mbili anaweza kumwangusha mgeni huyu kabisa. Beba chandarua chenye dawa, au hakikisha kipo huko uendako, na alale ndani yake tangu usiku wa kwanza. Mama mjamzito naye vivyo hivyo.

Mkisharudi mjini, hata baada ya wiki mbili au tatu, mtoto akishikwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza unayomwambia daktari iwe: tulisafiri, tulikuwa mahali fulani. Usipomwambia, daktari wa Nairobi anaweza kufikiria mafua kwanza. Aombwe kupima damu. Na popote ulipo, mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea asiamke vizuri, au mbavu zikibonyea ndani anapopumua, usingoje kupambazuke.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutakuwa na muuguzi hapa studioni atuonyeshe, kwa maneno tu kwa kuwa hii ni redio, jinsi ya kukamua maziwa bila kuumia. Kuwa na kikombe na sabuni karibu nawe. Kwaheri kwa leo.

(Muziki wa kipindi unapanda.)